MPIGA DEBE HASAFIRI

Mtu afikaye kituo cha mabasi cha Tabora alfajiri husikia kelele kabla hajaona gari. Vijana hupiga ubavu wa basi kwa viganja, wakiita, “Nzega! Nzega!”, na wengine, “Sikonge! Sikonge!”, nao humshika msafiri mkono wakimwapia ya kuwa gari hili ndilo zima, ndilo jepesi, ndilo litokalo sasa hivi. Hao ndio wapiga debe. Msafiri akiisha kuketi hutazama dirishani, naye humwona yule yule aliyemwapia amebaki chini, anahesabu fedha aliyopewa na kondakta, kisha anageuka kuwaita abiria wa gari la pili. Hakupanda, wala hakuwa na nia ya kupanda. Gari likiharibika Ipole usiku, yeye hana habari.

Lugha yetu haikukosea ilipolichukua neno hilo na kulitia katika mambo ya uchaguzi. Siku hizi mtu mkubwa akisimama mbele ya watu kumsemea mgombea, twasema anampigia debe. Basi twataka kuuliza leo: wakubwa hawa, yaani wazee wa chama, wenye mali, waimbaji, wachezaji wa mpira, viongozi wa dini, na hata sisi walimu, kwa nini huwasemea watu fulani wakati wa kura za maoni, na kuwaacha wengine? Na sisi wasikiao tuyapokeeje maneno yao?

Twauliza juu ya kura za maoni hasa, wala si juu ya uchaguzi mkuu peke yake, kwa sababu ndiko mambo yanakoamuliwa. Katika majimbo mengi ya nchi yetu, mtu akiisha kupitishwa na chama kikubwa, kazi iliyobaki ni ndogo. Tena katika kura za maoni wote ni wa chama kimoja, rangi za nguo zao ni moja, na ahadi zao zafanana kama mayai ya kuku mmoja. Mpiga kura hana alama ya kuwatambua. Ndipo hutazama juu kuona mkubwa gani amesimama nyuma ya nani.

Hatusemi ya kuwa kutazama hivyo ni ujinga. Mkulima wa Uyui hana nafasi ya kuchunguza maisha ya watu kumi wanaotaka kiti kimoja; mvua haimngoji. Kumwuliza mtu anayejua zaidi ni desturi njema, nasi tumefundishwa ya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini kumwuliza mjuzi si sawa na kumfuata mpiga kelele, na wahenga walisema pia ya kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Yafaa basi tuzipambanue sababu za hao wasemao, maana si moja.

Sababu ya kwanza ni undugu. Hii ni ya kale kupita zote, nasi twaisoma katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9. Abimeleki alipotaka kutawala, aliwaendea ndugu za mama yake huko Shekemu, nao wakamsemea kwa wakuu wa mji. Hoja yao haikuwa kwamba yeye ni mwenye haki wala mwenye akili. Ilikuwa kwamba yeye ni wa kwetu. Akapewa vipande 70 vya fedha kutoka nyumba ya mungu wao, akawaajiri mabaradhuli, akawaua ndugu zake. Baada ya miaka 3 watu wa Shekemu na Abimeleki walichukiana, naye akauharibu mji na kuwachoma moto katika ngome watu wapatao 1,000. Wale waliosema “ni wa kwetu” ndio walioungua. Walimu wanaofundisha Maandiko na wasiisome sura hii mbio mbio. Inafanana mno na maneno tunayoyasikia vijiweni kila baada ya miaka mitano.

Sababu ya pili ni faida, na kwa hii hatuna haja ya kwenda mbali, kwani nchi yetu yenyewe ina habari yake. Mwishoni mwa miaka ya 1850 Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alikufa, akarithi Mnywa Sere. Wakati huo Tabora, ambayo wasafiri waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara: barabara moja ikitoka Bagamoyo, nyingine ikienda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Pembe na watumwa walipita hapa wakienda pwani, na nguo, shanga na bunduki zilipita zikija bara. Mnywa Sere akataka ushuru katika mali ya wafanya biashara wa Kiarabu waliokaa katika nchi yake. Nao wakakataa. Ndipo wakaona ya kuwa yuko mwingine wa ukoo wa utemi, jina lake Mkasiwa, aliyewafaa zaidi. Wakamwunga mkono kwa mali na bunduki, wakamfukuza Mnywa Sere, wakamweka Mkasiwa.

Angalieni basi. Wakubwa hao hawakuchagua kwa kuwa walimjua Mkasiwa kuwa mtemi mwema kwa Wanyamwezi. Walichagua kwa hesabu ya dukani. Faida waliyoitaka ikawaponyoka, maana Mnywa Sere hakutulia. Alizunguka porini akiisumbua njia, na misafara ikakwama. Speke alipopita mara ya pili, mwaka 1861, alijaribu kuwapatanisha, asiweze. Mwaka ule ule Snay bin Amir, mmoja wa matajiri wakubwa wa Kiarabu wa Tabora, aliuawa katika vita hivyo. Mnywa Sere mwenyewe hakukamatwa na kuuawa mpaka mwaka 1865. Hata baada ya hapo, vijiji vilivyoungua na watoto waliokufa kwa njaa havikuandikwa katika daftari ya mfanya biashara ye yote.

Liko neno moja la njia ile ambalo twapenda wanafunzi wetu walitafakari, nalo ni neno hongo. Zamani za misafara hongo ilikuwa ushuru uliotolewa kwa mtemi waziwazi, kila mtu akiona, ili msafara upate kupita katika nchi yake. Leo hongo ni fedha itolewayo gizani. Neno limebaki, jua ndilo lililoondoka. Hivyo hivyo na takrima. Ukarimu kwa mgeni ni sifa ya watu wetu. Lakini mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iligeuzwa ili mgombea aweze kuwakirimu wapiga kura kwa jina la desturi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitangua vifungu hivyo, kwa kuwa vinapingana na Katiba. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria twazo. Lakini wangapi kati ya wanaowasemea wagombea leo wamekuja bila nauli, bila posho, bila ahadi ya zabuni? Mwimbaji hupanda jukwaani akalipwa, akashuka; kesho akiitwa na mshindani, naye akimlipa zaidi, huenda. Hatumlaumu kwa kuimba, maana ni kazi yake. Twamlaumu anayemsikiliza akidhani ameshuhudia.

Sababu ya tatu ni hofu, na ndugu yake ni tamaa ya kuwa karibu na mshindi. Fuata nyuki ule asali, hivyo ndivyo wasemavyo. Mkubwa huyu hamsemei mtu kwa kuwa ampenda; humsemea kwa kuwa ameona upepo unavuma upande gani, naye aogopa kuonekana amechelewa. Kila mmoja amtazama mwenzake, na wote wakiisha kusema neno moja, mdogo aseme nini? Januari 2025 Mkutano Mkuu wa CCM ulikutana Dodoma, ukapitisha jina moja la kugombea urais wa Jamhuri, miezi mingi kabla ya wakati uliozoeleka wa kuchukua fomu. Hatuandiki hapa kusema aliyepitishwa alifaa au hakufaa. Twasema tu ya kuwa wakubwa wakimaliza kusema kabla swali halijaulizwa, basi swali halikuulizwa kamwe. Na kura ya maoni isiyo na swali yabaki kuwa makofi.

Hata mahali panapoulizwa swali, wasemaji wa juu hawakosi njia. Mwaka 2020 wajumbe walipiga kura, na kura zikahesabiwa mbele za watu. Lakini katika majimbo kadhaa aliyetangulia siye aliyeteuliwa. Mwaka 2025 majina yalichujwa kwanza na wakubwa, ndipo yakashushwa kwa wajumbe. Mwaka ule wa 2020 msemo wa “wajumbe si watu” ulienea nchi nzima, wagombea wakilia kwamba wajumbe walikula fedha zao wakampa mwingine kura. Watu walicheka. Sisi hatukuona la kuchekesha. Mgombea aliyetoa fedha alilia kwa kuwa mali aliyoinunua haikufika. Hakuwa na haki ya kulia.

Sababu ya nne ni dhamiri, nayo ni adimu, lakini ipo, wala si haki kuisahau. Ushahidi wake uko papa hapa Tabora. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa mjini. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake ilikuwa bure. Tena mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au cheo fulani. Wengi walitaka kuususa uchaguzi huo, na hasira yao ilikuwa ya haki. Julius Nyerere, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi na kisha mwalimu katika mji huu, alisimama akawashawishi waingie. Uamuzi ule wauitwa hata leo Uamuzi wa Busara.

Kuingia maana yake ilikuwa nini? Ilikuwa TANU, chama cha Waafrika, iwasemee mbele ya Waafrika wagombea wa Kizungu na wa Kihindi: watu kama Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Jambo hilo halikuwa jepesi. Zuberi Mtemvu alitoka katika chama akaanzisha chama chake cha African National Congress. Wasemaji wa TANU wangeweza kupoteza wafuasi wao wote. Nao walisema sababu yao waziwazi: ya kuwa tukisusa, viti vitakwenda kwa United Tanganyika Party, na tukiingia, tutavitwaa vyote. Uchaguzi ulipofanyika, Septemba 1958 na Februari 1959, waliosemewa na TANU walishinda, na chama kile kingine kikafifia. Waliowasemea wakaketi nao katika Baraza moja, wakajibu pamoja nao kwa lililofanikiwa na lililoshindikana.

Hapa ndipo twaona tofauti. Aliyemsemea Mkasiwa alitaka faida na kuificha sababu. Aliyemsemea Bryceson mwaka 1958 aliitaja sababu, akahatarisha jina lake, kisha akapanda gari lile lile.

Lakini hata dhamiri ina mpaka. Julai 1995, Dodoma, CCM ilimtafuta mgombea urais. Mwalimu Nyerere, aliyekwisha kutoka madarakani, alikuwa ameisema rushwa kwa ukali, na ilijulikana ya kuwa alimtaka Benjamin Mkapa. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete alipata kura 534, Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Katika duru ya pili Mkapa akapata 686, Kikwete 639. Tofauti ni kura 47. Basi neno la mtu mmoja mwenye heshima laweza kuwa na uzito kupita tofauti hiyo. Baada ya hapo Mwalimu alifariki, tarehe 14 Oktoba 1999. Januari 2001 watu waliuawa Pemba na Unguja katika maandamano, na Mkapa mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 2019, aliandika kwa majuto juu ya mauaji hayo. Hatusemi Mwalimu alikosea kumchagua, wala hatuyasahau mema ya utawala ule. Twasema ya kuwa siku ile aliyemdhamini alikuwa kaburini. Hakuna mkubwa, hata awe mwema namna gani, awezaye kudhamini miaka kumi ya mtu mwingine. Aliyepiga kura ndiye abakiaye.

Sasa wasomaji wetu watasema: ninyi walimu mwawanyoshea wengine kidole, na ninyi je? Swali ni la haki, nasi tutalijibu bila kujificha.

Miaka kadhaa iliyopita upepo uliezua darasa mbili za shule tuliyokuwa tukifundisha. Mtu mmoja aliyetaka udiwani akatujia siku ya mapumziko, akazitazama kuta, akasikitika, akaahidi bati. Hakutuomba fedha wala kura. Alituomba neno moja tu: tuwaambie wazazi, ambao wengi wao walikuwa wajumbe, kwamba yeye ni rafiki wa elimu. Tukaona si vibaya. Tukasema, na watu wakatusikia, kwa maana mwalimu kijijini husikiwa. Akapita. Na bati zikaja kweli, ishirini. Zipo hata leo, na mvua haiingii.

Wasomaji wasidhani basi ya kuwa hadithi imekwisha vizuri. Pampu ya kisima iliharibika, na diwani hakuonekana tena. Mkutano wa wazazi ulipoitishwa, kila mtu alitutazama sisi tuseme. Hatukusema. Tungemwulizaje mtu ambaye bati zake zilikuwa juu ya vichwa vyetu? Baada ya mkutano mama mmoja mzee, anayelea wajukuu, alitufuata mlangoni, akasema kwa upole, “Mwalimu, mwanangu, si wewe uliyetuambia ni mtu wa watu?” Hatukupata jibu. Ndoo ilikuwa kichwani pake, naye alikuwa akienda kuteka maji mbali. Siku ile tulijua bei yetu: bati ishirini zilinunua ulimi wetu wote. Darasa lilipata paa, na kijiji kikapoteza mtu wa kukisemea.

Kwa hiyo twaandika haya kama watu waliokosa, si kama mahakimu. Na tulilojifunza tutalisema kwa ufupi.

Mkubwa akikujia kumsemea mgombea, mwulize mambo matatu. Kwanza, umepata nini, au wataraji kupata nini? Akikasirika, amekwisha kujibu. Pili, sababu yako ni ipi, nayo waweza kuisema mbele ya mshindani wake? Sababu isemwayo faraghani tu haiwafai watu wote. Tatu, mambo yakiharibika, utakuwa wapi? Utarudi hapa hapa mkutanoni, usimame mbele yetu, useme, “Mimi ndimi niliyewaambia”?

Swali la tatu ndilo kubwa. Katika misafara ya zamani, mbele ya wapagazi wote alitangulia kirangozi. Alishika bendera, naye alibeba mzigo wake kama wengine. Wapagazi walimfuata, wala si kwa sababu ya sauti yake. Walimfuata kwa kuwa mto aliowaonyesha ndio aliouvuka yeye kwanza, na kama kisima ni kikavu, kiu ilimpata naye pia. Kirangozi akidanganya, hudanganya miguu yake mwenyewe. Huyo ndiye mtu wa kusikilizwa. Mpiga debe ana sauti kubwa kuliko kirangozi, lakini hasafiri.

Nasi walimu wenzetu, pamoja na ndugu zetu wahubiri, neno letu ni hili. Tuna haki ya kupiga kura kama raia wote, na mtu akituuliza faraghani twampenda nani, hatukatazwi kusema. Lakini darasa na mimbari si mali yetu, tumekabidhiwa. Imani waliyo nayo wazazi kwetu haikutoka kwetu peke yetu. Ilijengwa na walimu waliotutangulia, kwa miaka mingi na mishahara midogo. Tukimkopesha mgombea imani hiyo, twamkopesha kitu kisicho chetu. Kazi yetu ni kuwafundisha watu kuuliza: bajeti ya kata ni nini, diwani ana mamlaka gani, mbunge ana mamlaka gani, ahadi hii yaweza kutimizwa na nani. Mtu aliyejua hayo hahitaji kupigiwa debe.

Wako watakaosema ya kuwa shule zina njaa, na mgombea ndiye aliye na mkate. Ni kweli, nasi tunaijua njaa hiyo. Hata hivyo bati ziombwe kwa barua, zipokewe mbele ya wazazi wote, ziandikwe katika daftari, na aliyezileta aambiwe asante. Asante ni neno kamili. Lisiongezwe neno lingine.

Pampu ile hatimaye ilitengenezwa. Wazazi walichanga, mmoja shilingi elfu, mwingine kuku, na mama yule mzee naye alitoa. Hakuna mkubwa aliyesimama kuwasemea. Mwalimu aliyeshika daftari ya michango ndiye anayeandika haya, na kila jioni, anapoona ndoo zikipita mlangoni pake, hukumbuka swali ambalo hakulijibu.